Dola Mbili na Nusu

Kila mwaka wa witiri, Januari ikishaganda,
shangazi Arlys hunikabidhi funguo za duka,
daftari la madeni, na paka asiye na jina.
Hupakia sanduku moja nyuma ya pikapu,
blanketi, koleo la theluji, mshumaa ndani ya kopo,
maana Dakota Kaskazini gari likikuzimikia
baridi haiulizi wewe ni mbunge wa wapi.

Maili mia moja na themanini hadi Bismarck.
Siku themanini za kikao,
kisha anarudi kuuza misumari.

Huko wanamwita Mheshimiwa Tveit.
Hapa wanamwita Arlys, au hawamwiti:
wanagonga kaunta kwa bolti iliyokatika,
naye anaipima kwa jicho, nusu inchi, hesi laini,
mkono unaifuata droo bila yeye kutazama.
Funguo za nusu ya mji amezichonga yeye.
Angetaka, angeingia jikoni mwa watu usiku
akajua nani anakula mkate mkavu.
Haingii. Anajua tu. Daftari humwambia.

Alipiga simu saa tatu usiku, kutoka moteli
yenye hita inayokohoa.
"Mabomba ya trekta yamefika? Verlyn amelipa?"
Mabomba yamefika. Verlyn hajalipa.
"Mwache mpaka alizeti zivunwe."
Halafu sauti ikashuka:
"Kesho ni ule mswada wa madaraja."

Senti tatu juu ya kila galoni ya dizeli.
Madaraja mia nne yaliyoliwa na kutu,
likiwemo la kwetu, la Stensrud,
ambalo basi la shule hulivuka kwa kunyata
na dereva, Bi Lavonne, huzima redio,
utadhani chuma kinahitaji kimya ili kishike.

Barua zilikuja sitini.
Hamsini na nne zilisema: usithubutu.
Alizisoma zote. Mwandiko anaujua,
ni uleule wa kwenye hundi.
Akabonyeza kitufe cha kijani.

Aliporudi Aprili kengele ya mlango ilikuwa imesahau kazi.
Watu waliendesha dakika hamsini
hadi duka kubwa la barabara kuu
kununua nyundo wasizozihitaji,
wakichoma dizeli ya senti tatu zaidi ili kumkomesha.
Hilo lilimchekesha. Mara moja,
kicheko kifupi, mlio wa stepla.

Nikamwambia: ungetoka nje wakati wa kura,
kama yule wa wilaya jirani aliyebanwa na haja
hoja ilipofika.
Akasema, "Sawa. Nikae kimya, niuze.
Nimuuzie nani, daraja likishaanguka?"
Akashika ufagio, akafagia pasipo na vumbi.

Novemba akashindwa kwa kura kumi na moja.

Kumi na moja! Watu wa meza mbili pale mkahawani.
Usiku ule nilikesha na daftari nikiwasaka:
huyu wa glavu, huyu wa mnyororo,
huyu wa mitego ya panya, alinisalimu kwa nyusi.
Nikapata majina kumi na manne.
Shangazi akaninyang'anya kalamu.
"Hata kuhesabu hujui," akasema, "nenda kalale."

Saa moja asubuhi akafungua.
Akaingia Verlyn, kofia mkononi, theluji begani,
akiyatazama makopo ya rangi
kama mtu aliyepotelewa na kitu humo.
Alitaka ufunguo wa pili, wa ghala.
Mashine ikalia.
Shangazi akaulainisha ukingo kwa tupa, akaupuliza,
akauinua kwenye mwanga kando ya ule wa kwanza,
jino kwa jino.
"Dola mbili na nusu."

Verlyn akapapasa mifuko, wa kulia, wa kushoto,
akarudia wa kulia.
Alizeti zilishavunwa. Hakuna aliyelitaja hilo.
Mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa wake
kabla ya kuambiwa,

na nje, upande wa Stensrud, wanaume wawili
wenye fulana za rangi ya chungwa
walikuwa wakipigilia vigingi kwenye ardhi iliyoganda,
wakivunja kimoja, wakichukua kingine.
Mchana mmoja wao alikuja kununua nyundo.